Nyandungu: Msitu wa Kumbukumbu Katika Jiji la Kigali

Jiji la Kigali limejengwa juu ya vilima, na penye vilima hapakosi mabonde. Mgeni afikapo kwa mara ya kwanza huinua macho yake kutazama juu, kwenye majumba, barabara zilizosafishwa, na taa za usiku zinazometameta kama nyota zilizoshuka chini. Ni wachache watazamao bondeni. Hata hivyo, maji yote yaoshayo vilima hivyo hukusanyika bondeni, na huko ndiko wenyeji wa mji walikokuwa wakitupa kila walichokichoka. Ndiyo kusema, atakaye kuujua mji huu kwa undani, na ashuke bondeni.

Bonde moja linalostahili kutembelewa ni lile la Nyandungu, upande wa mashariki wa jiji, kilometa chache tu kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe. Linapakana na wilaya mbili, Gasabo na Kicukiro. Hapo pana hifadhi ya miti na maji yenye ukubwa wa hekta 121, ambayo ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1922? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2022. Mtu aionapo leo hudhani kwamba imekuwapo tangu enzi za mababu, kumbe miti mingi iliyomo humo ni michanga kuliko watoto wanaokimbia chini yake.

Bonde lililochoka

Kabla ya kazi ya kulifufua kuanza mwaka 2016, bonde la Nyandungu lilikuwa katika hali ya kusikitisha. Mafunjo yalikuwa yamefyekwa, majembe yameingia hata ndani ya kinamasi, mifugo ikichungwa ovyo, na maji machafu ya mji yakiteremka bila kizuizi. Mvua ziliponyesha, udongo wa vilimani ulikokotwa hadi chini, na mafuriko yakafuata.

Wapo watu waionao ardhi ya namna hii kuwa ni ardhi bure, isiyo na faida mpaka ikaushwe. Fikira hiyo ni ya makosa. Kinamasi ni kama chujio na sifongo kwa pamoja. Maji ya mvua yaingiapo kwa nguvu, mafunjo huyapunguza mwendo. Tope huzama chini, na mizizi hufyonza sehemu ya uchafu. Kisha maji hutolewa polepole, yakiwa safi kuliko yalivyoingia. Bonde likiharibiwa, kazi hiyo yote hukosa mfanyaji, na gharama yake humwangukia mwananchi wa chini, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza kuingiliwa na maji.

Waliolifufua bonde hili walichimba mabwawa matano ya kupokea na kusafisha maji, wakayarudisha mafunjo, na wakapanda miti zaidi ya 17,000 ya asili ya nchi. Walitengeneza pia njia za waendao kwa miguu na za wapanda baiskeli, zenye urefu wa kilometa 10 hivi. Ndege nao hawakungoja barua ya mwaliko. Aina zaidi ya 100 zimekwisha kuonekana humo, na sauti zao asubuhi ndizo zimpokeazo mgeni langoni.

Ni haki kukumbuka pia kwamba kila bonde lililofungiwa jembe lilikuwa likilisha familia fulani. Aliyekuwa na matuta yake ya viazi au mboga humo hana budi kuyaacha, na mtu huyo hawezi kuambiwa tu kwamba ndege wamerudi. Hii ndiyo sababu kazi ya namna hii hudai hekima na subira. Hata viwanda vimeguswa: vile vilivyokuwa katika bonde la Gikondo viliondolewa, na eneo la viwanda likawekwa Masoro. Jiji lenye watu zaidi ya 1,700,000, kwa hesabu ya mwaka 2022, haliwezi kuishi kwa kuyala mabonde yake. Mwaka huo huo wa 2022 Kigali ilitambuliwa miongoni mwa miji inayohifadhi ardhi oevu, chini ya Mkataba wa Ramsar.

Bustani ya Papa

Mgeni akiendelea kutembea ndani ya Nyandungu, hufika mahali paitwapo Bustani ya Papa. Jina hilo lina kisa chake.

Mwezi Septemba mwaka 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alifanya safari katika nchi zetu. Alianzia Tanzania, akaenda Burundi, kisha akaingia Rwanda tarehe 7. Jumapili, tarehe 9 Septemba, aliongoza ibada ya Misa hapo Nyandungu, mbele ya umati mkubwa wa watu. Siku ile bonde halikuwa na njia nzuri wala mabwawa. Lilikuwa na nafasi ya wazi na watu waliotoka kila upande, wengi wao kwa miguu, kuja kusali.

Siku 22 baadaye, tarehe 1 Oktoba 1990, vita vilianza kaskazini mashariki mwa nchi. Miaka mitatu na nusu ikapita, na mwezi Aprili mwaka 1994 yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo kwa siku 100 hivi yalichukua roho za watu zaidi ya milioni moja. Mito ilibeba maiti. Maji ya Kigali humwagikia mto Nyabarongo, nao huingia Akagera, na Akagera humwaga katika Ziwa Viktoria. Katika mwaka ule wavuvi wa Uganda waliwakuta marehemu wa Rwanda ufukweni kwao, wakawazika.

Lililo gumu zaidi kulitamka ni kwamba watu wengi waliuawa katika nyumba za ibada. Walikimbilia makanisani kwa sababu walizoea kuamini kwamba mbele ya altare hakuna awezaye kuinua panga. Kule Nyamata, Ntarama na Nyarubuye imani hiyo ilikanyagwa. Nyamata leo ni mahali pa kumbukumbu, na mwaka 2023 pamoja na Gisozi, Murambi na Bisesero iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tarehe 20 Machi 2017, Papa Fransisko alipompokea Rais Paul Kagame huko Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake.

Kwa hiyo Bustani ya Papa si mahali pa kupigia picha tu na kwenda zako. Inamwuliza kila aketiye kivulini mwake: mahali huwa patakatifu kwa sababu gani? Je, ni kwa sababu mtu mkubwa aliwahi kusimama hapo? Ni kwa sababu ya jiwe, au msalaba, au mti? Historia ya nchi hii imekwisha kujibu kwamba ukuta hauwezi kuutunza utakatifu, wala ardhi haiwezi. Utakatifu wa mahali hutunzwa na mwenendo wa watu.

Miti ya wafalme na mti wa Ryangombe

Wanyarwanda wa kale hawakuwa na haja ya kufundishwa kwamba mti waweza kuwa na heshima. Mfalme alipojenga makao yake, boma lilizungushiwa miti ya umuvumu, ambayo ni jamii ya mkuyu. Mfalme alipohama au kufariki, nyumba ziliporomoka, lakini vigingi vya boma vilikwisha kushika mizizi. Vilikua vikawa miti mikubwa, na kundi la miti hiyo likaitwa ikigabiro. Hakuna aliyethubutu kuikata. Mpita njia akiona ikigabiro alijua kwamba hapo paliishi mwenye nchi. Rubengera, upande wa Ziwa Kivu, alikokuwa na makao mfalme Kigeli wa Nne Rwabugiri aliyefariki mwaka 1895, ni mahali panapotajwa katika habari hizo.

Tena uko mti uitwao umuko, wenye maua mekundu kama makaa ya moto. Katika imani ya zamani ya kubandwa, husimuliwa kwamba shujaa Ryangombe alirushwa na nyati mwindoni, akaangukia katika mti huo na kufa hapo. Tangu siku hiyo mti ukawa mtakatifu kwa wafuasi wake. Uliitwa pia umurinzi, maana yake mlinzi. Mtu anaweza kuwa na imani nyingine kabisa, Mkristo au Mwislamu, na bado akaona uzuri wa jina hilo: mti kuitwa mlinzi.

Katika Nyandungu ipo pia bustani ya mimea ya dawa. Jambo hilo halitawashangaza akina mama, kwani nyumba nyingi za Rwanda zimeitumia mimea kama umuravumba kwa kikohozi na umubirizi kwa maumivu ya tumbo tangu zamani. Hata hivyo, yafaa kukumbusha kwamba mtoto mwenye homa kali apelekwe zahanati bila kukawia. Jani ni elimu ya mababu, lakini halichukui nafasi ya mganga aliyepima damu.

Mfano kutoka Japani

Watu wa mbali nao wamelijua jambo hili. Katika jiji la Tokyo, katikati ya mamilioni ya watu na magari, upo msitu wa hekta 70 hivi, na ndani yake pana hekalu la dini ya Shinto liitwalo Meiji Jingu. Dini ya Shinto ni ya asili ya Wajapani, na wafuasi wake huamini kwamba roho takatifu, ziitwazo kami, zaweza kukaa katika mti, mwamba, chemchemi au mlima. Kwa sababu hiyo hekalu halijengwi likaachwa peke yake juani: huzungukwa na miti. Aendaye huko hupita kwanza chini ya lango kubwa la nguzo mbili, liitwalo torii. Hunawa mikono na kusukutua kinywa. Ndipo husogea mbele, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, na kuinama tena mara moja.

La ajabu ni kwamba msitu ule nao ulipandwa kwa mikono. Mfalme Mkuu Meiji alifariki mwaka 1912, na mkewe mwaka 1914. Kazi ya kumjengea hekalu ilianza mwaka 1915 na hekalu likazinduliwa mwaka 1920. Miti karibu 100,000 ilitolewa na watu kutoka kila pembe ya Japani, na vijana zaidi ya laki moja walijitolea kufanya kazi. Wataalamu wa misitu walichagua miti kwa hesabu ya miaka mia moja na zaidi mbele yao, wakijua wazi kwamba wao wenyewe hawataishi kuuona msitu umekamilika. Mwaka 1945 mabomu ya vita yaliunguza majengo makuu ya hekalu. Yalijengwa upya mwaka 1958. Msitu ulibaki.

Hadi leo wafagiaji wa Meiji Jingu hawayatupi majani yanayoanguka njiani. Huyakusanya na kuyarudisha chini ya miti, ili yawe mbolea ya msitu uleule. Hili ni somo ambalo halihitaji fedha za kigeni.

Tofauti zipo, bila shaka. Nyandungu si hekalu, wala Wanyarwanda hawaiabudu miti yake. Lakini vitu viwili vinafanana. Kwanza, pande zote mbili watu walipanda miti kwa ajili ya wajukuu. Pili, pande zote mbili kumbukumbu imekabidhiwa kwa kitu chenye uhai, chenye kudai kutunzwa kila siku. Mnara wa saruji ukishajengwa, watu waweza kuusahau. Mti ukisahauliwa hunyauka, na kila mtu ataona.

Waliovaa sare

Somo la Nyandungu lawahusu hasa askari na polisi pamoja na jamaa zao. Mwaka 1994 walikuwapo watu waliovaa sare ambao waliua waliopaswa kuwalinda. Walikuwapo pia waliovaa sare ambao walipita usiku wenye risasi kuwatoa watu mafichoni, wakawabeba watoto mgongoni, na hatimaye wakayakomesha mauaji mwezi Julai. Kitambaa cha sare hakikuwafanya hawa kuwa wema wala wale kuwa waovu. Kama vile ukuta wa kanisa, sare nayo hupata heshima yake kutokana na mwenendo wa aliye ndani yake.

Askari azoeaye kulinda lango anajua kwamba ulinzi ni kazi isiyo na tamasha. Siku mia hupita bila tukio, na siku ya mia na moja ndiyo humpima. Kutunza mti kumo katika sifa hiyo hiyo. Nchini Rwanda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wananchi hutoka kufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mitaro, kujenga na kupanda miti, na wenye vyeo hushika majembe bega kwa bega na raia. Mti uliopandwa na koplo na mwanafunzi pamoja hauulizi nani alikuwa na cheo.

Makambi mengi na nyumba za polisi katika nchi zetu zina viwanja vitupu vyenye vumbi, ambamo watoto hucheza juani mchana kutwa. Familia kumi zikipanda miti miwili kila moja na kuimwagilia kiangazi kimoja, baada ya miaka mitano patakuwa na kivuli cha kukaa akina mama na cha kusomea watoto. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa upande mwingine, bandu bandu huisha gogo: tawi la leo la kuni, gome la kesho la dawa, na mti umekufa.

Kwa anayetaka kwenda

Mwenye nafasi ya kufika Kigali na azingatie yafuatayo. Miezi ya kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, hufaa zaidi kwa matembezi, kwani mvua za Machi hadi Mei huwa nyingi. Mji upo juu, kwenye meta 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo asubuhi ni baridi kidogo na mtoto mchanga avikwe sweta. Viatu viwe vya kutembelea, si vya karamu. Kiingilio hulipwa langoni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini Rwanda tangu mwaka 2008, basi chakula kifungwe katika kikapu au mfuko wa kitambaa.

Afikaye mapema atawakuta ndege wangali wakilisha makinda katika mafunjo. Apite taratibu, asirushe mawe majini, asichume majani. Watoto waelezwe mapema nyumbani kwamba wanakwenda mahali penye kumbukumbu, ili wasihitaji kufokewa mbele za watu. Wakiuliza, waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao: kwamba hapa palisaliwa sala kubwa, kwamba baada ya sala hiyo yalitendeka maovu makubwa, na kwamba waliobaki walichagua kupanda miti.

Mtoto aliyeelewa hayo amepata elimu ambayo si kila darasa linaweza kuitoa. Miti ya Nyandungu bado ni michanga. Ile iliyopandwa kwa mikono ya watu wa leo itafikia ukubwa wa umuvumu wa wafalme pale ambapo hakuna hata mmoja wao atakayekuwa hai. Itakuwa juu ya watoto hawa kuamua kama itasimama.